Nyota elfu nne zilizopotea, na namna ya kupanga muziki wako kwenye kompyuta

Haya jamani, habari zenu. Naona viti vya mbele vitupu kama kawaida, sogeeni bwana mimi siumi. Kabla sijaanza naomba kila mmoja atoe simu au afungue laptopu, aingie kwenye folda anayowekea nyimbo halafu anitafutie faili lenye jina baya kuliko yote. Nawapa dakika moja.

(Watu wanacheka, wanaonyeshana skrini.)

Enhee, nani anaanza? "AUD-20190714-WA0007." Safi sana, hiyo nilijua haikosi. Kaka wa nyuma anasema ana "Track 03", ya albamu gani? Hajui. Dada pale ana "wimbo mzuri final mpya (2)", na bila shaka namba (1) nayo ipo na ni wimbo uleule. Na huyu bwana wa pembeni yeye jina la faili ni jina la tovuti alikodaunlodia, wimbo wenyewe hautajwi kabisa.

Sasa nauliza, hiyo AUD ni wimbo gani? Hujui mpaka uucheze. Na hapo ndo shida yetu yote ilipo, yaani mtu ana nyimbo elfu tano lakini ili ajue anacho nini inabidi azisikilize zote, ni sawa na kuwa na maktaba ambayo vitabu vyote vimeng'olewa majalada. Mwisho wake unasikiliza zilezile ishirini unazozikumbuka na zilizobaki zinakula nafasi tu.

Nilipoitwa kuja kuongea niliambiwa watu wanataka kujua programu gani ni bora ya kuchezea muziki. Nitajibu, lakini baadaye na kwa haraka, kwa sababu mimi naona hilo ndo swali dogo. Ngoja niwaambie kilichonikuta.

Nilikuwa natumia programu moja, jina naomba nilihifadhi, na ilikuwa tamu kweli. Wimbo ukiisha naupa nyota, moja mpaka tano, nyota moja maana yake siku nikiwa na hasira nakufuta, tano maana yake hata nyumba ikiungua nakimbia na wewe. Nilifanya hivyo karibu miaka sita. Nyimbo kama elfu nne zikawa na nyota, na pleilisti nilikuwa nazo za asubuhi, za kazini, za kuendesha gari usiku peke yako, kila kitu. Siku laptopu ikafa. Mimi wala sikuwa na presha kwa sababu nyimbo zilikuwa kwenye diski ya nje, nikapata kompyuta nyingine, nikainstoli programu ileile, nikaielekeza kwenye folda, ikasoma, nyimbo zote hizo hapo. Nyota hakuna hata moja. Pleilisti hakuna. Nikafunga nikafungua, nikatafuta kwenye menyu zote, wapi!

Kumbe nyota sikuwa nimeziweka kwenye nyimbo. Programu ilikuwa inaziandika kwenye database yake yenyewe, kafaili kadogo kamejificha ndani ya laptopu, sehemu ambayo mtu wa kawaida hana sababu ya kuingia. Mimi nadhani naweka alama kwenye muziki wangu, kumbe namwekea mwenzangu mfukoni, na alipokufa akazikwa nazo.

Kwa hiyo mimi leo nina neno moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: chochote unachotaka kijulikane kuhusu wimbo, kiandikwe ndani ya faili la wimbo wenyewe. Jina, msanii, albamu, mwaka, namba yake kwenye albamu, picha, hata nyota. Kikiwa ndani ya faili, karibu programu yoyote ya leo au ya kesho inaweza kukisoma. Kikiwa ndani ya programu, basi wewe ni mpangaji tu, nyumba si yako.

Hayo maandishi ya ndani ndo tunaita tagi. Na yana historia nzuri kidogo, nivumilieni. MP3 ilipoanza kusambaa miaka ya 90, jina lenyewe la .mp3 likichaguliwa mwaka 1995 kule Ujerumani kwenye taasisi ya Fraunhofer, faili lilikuwa ni sauti tu, halina sehemu rasmi ya kusema "mimi naitwa nani". Mwaka 1996 jamaa anaitwa Eric Kemp akaja na ujanja mmoja rahisi sana, akasema tubandike baiti 128 mwishoni mwa faili. Baiti 128 ni ndogo kuliko meseji ya simu. Tatu za kwanza zinaandikwa TAG ili programu ijue imefika, halafu 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni na moja ya mwisho ya aina ya muziki. Jumlisheni wenyewe, inatoka 128 kamili. Hiyo ndo ID3.

Tatizo mnaliona. Herufi 30. Tuseme wimbo unaitwa "Usiku wa Manane Nikikukumbuka Mpenzi", hesabu herufi na nafasi zake, thelathini zinaishia palepale kabla ya Mpenzi. Mpenzi anabaki nje. (Kicheko.) Ndo maana ukikutana na mafaili ya zamani unaona majina yamekatika katikati kama redio imeishiwa betri. Na namba ya wimbo kwenye albamu haikuwepo kabisa, ilikuja kubanwa baadaye kwenye nafasi ya maoni. Mwaka 1998 ikatoka ID3 toleo la pili, hiyo inakaa mwanzoni mwa faili badala ya mwishoni, ina nafasi ya kutosha, inabeba picha ya albamu, mashairi, mpaka kasehemu ka kuandikia alama za kupenda na idadi ya mara ulizocheza. Yaani nyota zangu zilikuwa na pa kukaa tangu mwaka 1998! Programu yangu ndo haikutaka kuzikalisha hapo.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Ukiingiza nyimbo zako kwenye programu yoyote ya maktaba kosa la kwanza utakaloliona sio tagi tupu, ni tagi zenye fujo. Msanii mmoja anatokea mara tano. Mara moja jina lake tupu, mara ya pili jina na "ft." fulani, mara ya tatu "feat." fulani, mara ya nne "Ft" bila nukta, mara ya tano herufi kubwa tupu kama anapiga kelele. Kompyuta haina akili ya kujua hao wote ni mtu mmoja, ikiona nukta imezidi ni mtu mwingine huyo. Na albamu ndo inaumia zaidi, albamu ina nyimbo kumi na mbili, saba kati yake zina wageni, unafungua unakuta albamu moja imepasuka vipande nane, kila mgeni kaondoka na kipande chake.

Dawa yake ipo na watu wengi hawaijui. Kuna sehemu ya msanii wa wimbo na kuna sehemu nyingine ya msanii wa albamu, kwenye programu utaiona imeandikwa Album Artist. Ya kwanza andika wote, mwenyeji na mgeni wake. Ya pili andika mwenyeji peke yake, na iwe sawa herufi kwa herufi kwenye nyimbo zote kumi na mbili. Albamu inarudi kuwa moja hapohapo. Kama ni mkusanyiko wa wasanii tofauti, hapo kwenye msanii wa albamu weka "Wasanii Mbalimbali" au Various Artists, chagua moja ukae nayo. Mimi nikipewa dakika tano tu za kumfundisha mtu kupanga muziki, zote tano natumia hapo.

Kwa Windows programu ninayoitumia kurekebisha ni Mp3tag. Jina lisikudanganye, inafanya FLAC, aina nyingine ya faili la muziki nitakayoieleza mbele, na nyinginezo pia. Uzuri wake unachagua nyimbo zote za albamu kwa pamoja, unaandika msanii wa albamu mara moja, unasevu, zimeandikwa zote. Halafu ina kitu kitamu cha kubadilisha jina la faili kuwa tagi. Kama una mafaili mia mbili yameandikwa msanii, kistari, jina la wimbo, unaiambia tu mpangilio ni %artist% - %title%, yenyewe inasoma jina la kila faili inapeleka kila neno mahali pake. Mara ya kwanza nilipoona hiyo nilikaa kimya kidogo, nikakumbuka wikiendi nzima niliyowahi kuchapa kwa mkono.

Na wale wenye AUD-WA? Hao hakuna jina la kusoma, tagi hamna, sasa unafanyaje. Kuna MusicBrainz Picard, ya bure, inakaa Windows, Mac na Linux. MusicBrainz ni kama ensaiklopidia ya rekodi inayojazwa na watu wa kawaida wa kujitolea, ilianza baada ya database ya CD iliyokuwa wazi, ambayo watumiaji wenyewe ndo walioijaza, kugeuzwa biashara. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, umechapa majina ya nyimbo bure miaka halafu mtu anaweka geti. Sasa Picard ina njia mbili, moja inaangalia maneno yaliyopo kwenye tagi, hiyo ni Lookup, nyingine inasikiliza sauti yenyewe inachukua kama alama ya vidole ya wimbo inalinganisha na zilizopo, hiyo ni Scan. Kwa hiyo AUD yako hata kama haina jina, vidole inavyo.

Lakini msiiamini kama mganga. Wimbo mmoja unaweza kuwa umetoka kwenye albamu halisi, ukatoka tena kwenye mkusanyiko wa "vibao bora", ukatoka tena kwenye mkusanyiko wa mwaka, na Picard inaweza kukupa huo wa tatu. Nyimbo zako kumi za albamu moja zikatawanyika kwenye mikusanyiko sita. Kwa hiyo buruta albamu nzima kwa pamoja usiburute nyimbo elfu mbili kwa mpigo, angalia kiboksi cha rangi pembeni ya kila wimbo, kijani endelea, kikielekea wekundu simama uangalie mwenyewe. Na kuna nyimbo haitazijua kabisa, rekodi za zamani, nyimbo za bendi ndogo, kwaya, mambo aliyorekodi mtu na simu. Hizo unaandika kwa mkono. Kama una moyo basi fungua akaunti uziweke kule ili mwenzako asihangaike.

Kitu kingine, na hiki nakisema nikiwa nimeungua. Programu nyingi zina kitufe cha kupanga mafaili yenyewe, inaangalia tagi halafu inahamisha kila wimbo kwenye folda ya msanii na albamu yake. Kitufe kizuri sana ukikibonyeza MWISHO. Mimi nilikibonyeza mwanzo, saa sita usiku, tagi nyingi zikiwa tupu. Asubuhi nikakuta zaidi ya nyimbo mia tisa zimerundikwa kwenye folda moja imeandikwa Unknown Artist, ndani yake Unknown Album, ndani yake Track 01, Track 01 (1), Track 01 (2), ikaendelea hivyohivyo. Zile folda zangu za zamani zilikuwa na majina mabovu lakini angalau nilikuwa najua hii alinipa fulani, hii nilirekodi siku ya shughuli fulani. Huo ujuzi ulikuwa kwenye jina la folda, ukafutika. Kwa hiyo tagi kwanza, kuhamisha baadaye, na kabla ya vyote kopi nzima kwenye diski nyingine. Kwenye Picard ingia menyu ya Options hakikisha Move Files na Rename Files zimezimwa mpaka siku unajua unachofanya.

Folda zenyewe msizifanyie falsafa. Msanii, ndani yake mwaka na albamu, ndani yake namba na jina la wimbo, inatosha. Namba ziandikwe 01, 02, 03, sio 1, 2, 3, maana kuna vifaa vinapanga kwa kuangalia herufi ya kwanza, utasikia 1 halafu 10 halafu 11 ndo ije 2. Epuka alama ya kuuliza na nukta mbili kwenye majina ya mafaili, Windows haizikubali kabisa, ukitoa mafaili Linux ukayapeleka huko yanagoma.

Na picha ya albamu. Weka, inapendeza, lakini mtu anachukua picha ya megabaiti tatu anaipachika kwenye kila wimbo, albamu ya nyimbo kumi na tano hapo umebeba megabaiti 45 za picha ileile moja. Punguza, pikseli 500 kwa 500 kwenye simu inatosha sana.

Tuguse ubora kidogo kwa sababu najua kuna watu walikuja kwa hilo tu. CD inabeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili, ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, kama megabaiti kumi na nusu kwa dakika. MP3 ya 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama megabaiti moja kwa dakika, ya 320 ni kama mbili na nusu. Zilikoenda zilizobaki ni kwamba MP3 inatupa ile sauti ambayo sikio haliisikii vizuri, hasa inayofunikwa na sauti kubwa iliyo karibu nayo. Ikishatupwa imetupwa. FLAC ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2001 yenyewe haitupi kitu, inakunja tu kama nguo kwenye begi, ukifungua inatoka vilevile, ila faili linabaki kubwa, mara nyingi nusu ya CD au zaidi.

Sasa kuna kitu watu wanafanya kinaniuma. Ana MP3 ya 128, anasikia 320 ni bora, anaiweka kwenye konveta anatoa 320. Faili limekua kutoka megabaiti nne kwenda kumi, na yeye anaapa anasikia tofauti. Hakuna kilichoongezeka ndugu yangu, ni kama kupiga kopi ya kopi kwenye karatasi ya bei mbaya. Tena imepungua kidogo maana imetupiwa vitu mara ya pili. Ukitaka kuwakamata matapeli wa hivi kuna programu ndogo inaitwa Spek, unaitupia faili inachora picha ya sauti, MP3 nyingi za 128 utaona mchoro umekatwa kama kwa rula kwenye kilohezi 16 hivi, sasa faili linajiita 320 au FLAC halafu juu ya 16 kuna giza tupu, jiulize limetoka wapi.

Mimi msimamo wangu: CD zangu mwenyewe nazitoa kwa FLAC zinakaa kwenye diski, za kutembea nazo natengeneza MP3 kutoka kwenye hizo FLAC. Ambaye hana CD asihangaike, MP3 nzuri yenye tagi nzuri inaishinda FLAC inayoitwa Track 03 kila siku ya Mungu.

Kuna hili la sauti kupanda na kushuka, wimbo mmoja unanong'ona unaongeza sauti, unaofuata unakupasua ngoma za masikio. Nyimbo zilirekodiwa miaka tofauti na mafundi tofauti, wa siku hizi wanazijaza mpaka ukingoni. Tafuta kitu kinaitwa ReplayGain, wazo lilitolewa na David Robinson mwaka 2001. Programu inasikiliza wimbo wote, inapima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, halafu inaandika kwenye tagi, mnaona, tagi tena!, kwamba huu ukiucheza shusha kiasi hiki. Sauti yenyewe haiguswi, ukiizima wimbo uko vilevile. Ina namna mbili, kwa wimbo na kwa albamu. Ukichanganya nyimbo tumia ya wimbo, ukisikiliza albamu mwanzo mwisho tumia ya albamu, la sivyo ule wimbo wa taratibu ambao msanii alitaka uwe mdogo utapandishwa ulingane na wa fujo, na hiyo ni kumkosea adabu msanii.

Pleilisti. Hapa kuna siri ndogo nzuri. Pleilisti ya M3U ukiifungua kwa Notepad ni maandishi ya kawaida tu, kila mstari ni njia ya kwenda kwenye faili, mfano D:\Muziki\halafu msanii\halafu wimbo. Basi. Sasa diski yako leo kompyuta imeipa herufi D, kesho umechomeka na flashi nyingine imeipa E, pleilisti nzima inakwambia faili halipo, mtu analia nyimbo zimefutika. Hazijafutika, anwani tu imebadilika. Fungua Notepad, badilisha D kuwa E kwa mpigo, sevu, umemaliza. Bora zaidi ukiwa unasevu chagua njia fupi isiyoanza na herufi ya diski, pleilisti ikae kwenye folda ileile ya muziki, hapo utaihamisha popote. Na kama majina yana herufi za ajabuajabu sevu kama M3U8. Siku hizi kila mwezi natoa pleilisti zangu zote kama M3U, hata zile ambazo programu inazijaza yenyewe, sisubiri kuzikwa tena.

Haya sasa lile swali lenu, programu gani. Windows ukitaka kila kitu kimeshapangwa ukaingia ukakaa, MusicBee, na ina mpangilio wa kuandika nyota kwenye faili lenyewe, kauwashe siku ya kwanza kabla hujaweka nyota hata moja. Ukiwa mtu wa kuchokonoa, foobar2000, nyepesi sana, sura yake ukiifungua mara ya kwanza ni kama fomu ya serikali lakini unaijenga utakavyo. Linux kuna Strawberry iliyotoka kwenye Clementine, na Rhythmbox. VLC inacheza karibu kila kitu duniani na lazima uwe nayo ila kwa kupanga maktaba kubwa mimi simo. Wale wa Winamp, ile programu ya zamani ya kuchezea muziki ya mwaka 1997, nawaona mnatabasamu, mimi pia. Kama una kompyuta inayoweza kukaa imewaka nyumbani, jaribu Navidrome au Jellyfin, unakuwa na huduma yako mwenyewe ya kusikiliza kwa simu popote. Na ukishaandika tagi vizuri unaweza kuzijaribu zote hizo kwa wiki moja bila kupoteza kitu, kila moja itakusomea maktaba ileile.

Maswali? Naona mkono.

(Kijana anauliza kwa nini flashi yake kwenye gari inacheza nyimbo ovyo wakati kwenye kompyuta zimepangwa.)

Ah, swali zuri, hilo limeshawatoa watu jasho. Redio nyingi za gari haziangalii jina wala tagi, zinacheza kwa mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi, yaani lililotangulia kukopiwa linatangulia kucheza. Kompyuta yako inakuonyesha kwa alfabeti kwa sababu yenyewe inapanga kabla ya kukuonyesha, redio haina muda huo. Kwa hiyo fomati flashi kwa FAT32, halafu kopi folda moja moja kwa mpangilio unaoutaka, au tumia programu ya kupanga upya kama FatSort. Ukiongeza wimbo mmoja baadaye utaenda mwisho, hata ukiuita 01.

(Mama mmoja anauliza: nina nyimbo elfu ishirini, hazina jina, nianzie wapi?)

Mama yangu, usianze na elfu ishirini, utachoka kabla ya mia tatu. Kwanza kopi zote kwenye diski ya pili, hiyo kopi usiiguse, na usiseme simu yangu inasinki, kusinki sio bakapu, ukifuta huku na kule kunafutika. Halafu tengeneza folda mpya tupu iite Safi. Kila siku chukua albamu moja unayoipenda, moja tu, irekebishe tagi, picha, namba, ihamishie kwenye Safi, na programu yako ya kuchezea ielekeze kwenye Safi peke yake. Baada ya mwezi una albamu thelathini ambazo kila ukibonyeza unapata unachotaka. Zile nyingine zisubiri. Kuna ambazo hutazigusa miaka miwili, na hapo utakuwa umeshajua kama ulikuwa unazihitaji.

Mimi naambiwa muda umeisha, lakini laptopu yangu iko pale mezani, Mp3tag na Picard zimo. Mwenye ile AUD ya 2019 aje nayo kwanza, nataka kujua ni wimbo gani.